Megapikseli Hazimtambui Mwizi

"Fundi, hizi kamera zako za ulinzi ni za megapikseli mbili tu. Niletee za 4K, mwizi aonekane uso." Maneno haya, hapa Lamu, nimeyasikia Langoni, nimeyasikia Mkomani, na juzi nimeyasikia tena Shela, safari hii kwa mtu ambaye za 4K anazo tayari. Ameibiwa injini ya mashua. Kwenye rekodi, mwizi anapita mita nne tu kutoka kwenye lenzi, na uso wake ni kama chokaa iliyopigwa na mvua. Akataka nimtafutie kamera yenye megapikseli nyingi zaidi. Nilimwambia, "Ami, pesa zako weka kwanza, nifungulie menyu."

Menyu ilisema hivi: 4K, fremu (picha moja moja) 20 kwa sekunde, kodeki (njia ya kubana video) H.265, bitireti (kiasi cha data kinachohifadhiwa kila sekunde) megabiti 2 kwa sekunde. Uso ulipotelea kwenye hiyo namba ya mwisho.

Naomba jambo hili lieleweke mara moja. Kamera haihifadhi kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inayoiona. Kodeki inabana picha mpaka iingie ndani ya bitireti uliyoipangia, na kisichoingia kinatupwa. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani milioni 8.3 kwa kila fremu. Zidisha kwa fremu 20, unapata pikseli milioni 166 kila sekunde, zote zigawane biti milioni 2. Kila pikseli inaambulia takriban biti 0.012. Sasa chukua kamera ya megapikseli 2, yaani 1920 kwa 1080, kwa fremu 15, na bitireti ileile: kila pikseli inapata biti 0.064, zaidi ya mara tano. Mahali pakiwa na utulivu hutaona tofauti, kwa sababu ukuta usiosogea haugharimu kitu. Mtu akipita ndipo biti zinapohitajika, nazo hazipo. Kwa hiyo ukuta unabaki safi kabisa na anayepita mbele yake anageuka ukungu. Wateja wananiambia, "Lakini picha ni safi, fundi, tazama mlango ulivyo!" Mlango haukuiba injini.

Kwa nini bitireti ilikuwa chini hivyo? Kwa sababu mwenyewe alitaka rekodi za mwezi mzima kwenye diski ya terabaiti 2, na aliyemfungia akamridhisha. Hesabu yake haina siri: kila megabiti 1 kwa sekunde ni gigabaiti 10.8 kwa siku. Kamera nne za 4K kwa megabiti 8, kiwango ambacho mimi naona ndicho kinachozistahili, zinakula karibu gigabaiti 346 kwa siku, na diski hiyo haimalizi siku ya sita. Kamera hizohizo kwa megabiti 2 zinafika siku 23, lakini ni siku 23 za ukungu. Anayetaka 4K anunue na diski ya kuibeba. Asiyetaka kununua diski ashushe megapikseli wala asiguse bitireti. Hili nitaendelea kulisema.

Jambo la pili linalonikera ni lenzi. Kamera nyingi zinazoletwa hapa zina lenzi ya milimita 2.8, kwa kuwa inaonyesha eneo pana na mnunuzi anafurahi kuona kila kitu. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, hakiulizi una megapikseli ngapi. Kinauliza kila mita ya eneo lile imepata pikseli ngapi; toleo lake la 2014 lilitaka 125 kwa mita ili umtambue mtu unayemjua tayari, 250 kwa mita ili uthibitishe sura ya mtu usiyemjua. Lenzi ya 2.8 inafungua nyuzi 105 hivi, kwa hiyo umbali wa mita 10 inaenea upana wa takriban mita 26. Gawanya 3840 kwa 26, unapata kama 148. Kamera ya megapikseli 2 yenye lenzi ya milimita 6, inayofungua nyuzi 50 hivi, kwa umbali uleule inaenea mita 9 na kidogo, na inakupa zaidi ya pikseli 200 kwa mita. Ndogo imeishinda kubwa, kwa bei nafuu na kwa diski ndogo.

Na Lamu ndiyo inayonishangaza zaidi, maana mji wetu umejengwa kana kwamba unaisubiri lenzi ya mtazamo mwembamba. Vichochoro vya Mkomani vingi punda wawili wenye mizigo hawapishani. Unafungaje lenzi ya nyuzi 105 mahali kama hapo? Nusu ya picha ni kuta mbili. Geuza kamera nyuzi 90 ndani ya mabano yake, washa mzunguko wa picha kwenye menyu, na picha isimame wima. Sasa kichochoro chote kutoka miguuni mwako mpaka kwenye kona kimejaa kwenye picha, na pikseli zilizokuwa zinarekodi mawe zinarekodi watu. Setingi hii imo kwenye kamera nyingi za IP (za mtandao) na karibu kila ninapoingia naikuta haijaguswa.

Usiku sasa. Kinachoharibu sura usiku mara nyingi ni shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu. Ikiachwa ijipangie yenyewe gizani, kamera inaiacha wazi muda mrefu ili picha iwe na mwangaza. Ukiangalia kichochoro kitupu, unaipenda. Mtu wa mwendo wa kawaida anakwenda kama mita 1.4 kwa sekunde, na shata ikiwa 1/25 ya sekunde anasogea sentimita 5.6 fremu ikiwa bado inachukuliwa. Kwa pikseli 250 kwa mita, uso wake umepakwa juu ya pikseli 14, na hakuna megapikseli ya kuurudisha. Kwa 1/100 ni pikseli 3 na nusu, sura inabaki sura. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo tumia 1/50 au 1/100, na kwenye menyu chagua hezi 50. Ukiacha 60, chini ya baadhi ya taa utaona mistari ikitembea kwenye picha.

Bila shaka ukifupisha shata, picha inaingia giza, na kamera inaongeza geini, yaani inaukuza mwanga mdogo ilioupata, na geini inaleta chenga, vidoti vinavyochezacheza kwenye picha. Chenga hizo kodeki inazihesabu kama mwendo, inazitumia biti, na tumerudi palepale. Kamera ya 4K yenye kihisi cha ukubwa uleule na ile ya megapikseli 2 ina pikseli zenye robo tu ya eneo, kila moja inapata mwanga pungufu, na chenga zinaanza mapema. Dawa ninayoiamini ni taa. Taa ndogo chini ya daka (kibaraza cha mlangoni), inayowaka usiku kucha, inasaidia kuliko setingi yoyote niliyoitaja. Taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) za kamera yenyewe zinapiga ukuta mweupe wa karibu, ukuta unang'aa, kamera inajishusha mwangaza, na mtu aliye mita nane mbele anamezwa na giza. Punguza nguvu ya infraredi au usogeze kamera mbali na ukuta.

Kuhusu kipunguza chenga, hapa sina uhakika ambao vitabu vinajifanya kuwa nao. Ukikipandisha, ukuta unakuwa laini na bitireti inapumua, lakini mtu anayetembea anaburuta kivuli chake nyuma. Ukikishusha, mtu anakuwa wazi na chenga zinarudi kula biti. Mimi nakiweka chini kidogo ya nusu, kisha nabadilisha mahali kwa mahali, na nyumba mbili zenye kamera ileile nimeziachia namba tofauti. Vivyo hivyo zile kodeki zinazojiita erevu, zinazorefusha muda kati ya fremu kamili (inayohifadhiwa nzima, si mabadiliko tu) na fremu kamili. Zinaokoa diski sana kwenye ghala lililofungwa. Kwenye njia ya watu nazizima, ingawa kuna mafundi ninaowaheshimu wanaoziacha, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa pwani yenyewe, wenye maduka na mashua kando ya bahari, nyinyi mna adui mwingine: maji. Mawimbi hayatulii, na kila wimbi kwa kodeki ni mwendo mpya. Kamera ikielekezwa hivi kwamba nusu ya picha ni bahari, nusu ya bitireti au zaidi inarekodi bahari. Msimu wa kusi ukianza na minazi ikayumba, hali inazidi. Inamisha kamera, kata bahari, kata na mbingu inayovuruga mwangaza, bakisha gati na ngazi. Ukishindwa kuikata, ongeza bitireti. Na futa kioo kwa maji matamu, chumvi inajenga utando.

Fremu 15 zinatosha njiani. Kaunta ya pesa ipe 25. Fremu kamili kila sekunde 2. Bitireti inayobadilika, yenye kikomo, naipenda kuliko ya kudumu. Ua na paa la jirani lifunike kwa kizuizi cha faragha kwenye menyu, watu wana sitara zao, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Na tafadhali msihukumu kamera kwa simu. Simu mara nyingi inaonyesha mkondo mdogo, yaani nakala hafifu ya picha, na diski inahifadhi mkondo mkuu. Moja haikuambii habari za mwenziwe. Subiri saa tano usiku, mwambie kijana wa nyumbani apite kichochoroni kwa haraka bila kuitazama kamera, kisha fungua rekodi kwenye rekoda, simamisha fremu, mwite mtu anayemjua kijana yule bila kumwambia ni nani. Akishindwa kumtaja, nitumie rekodi hiyo pamoja na picha ya ukurasa wa bitireti na wa shata, tuanzie hapo.