Je, wajua kwa nini muvi inaweza kukubeba na stelingi mwenyewe humwamini?

Jumapili moja mvua inanyesha hapa Umoja, dadangu akaweka The Truman Show kwa tivi nikamwambia ukweli, huyo Jim Carrey simtaki. Mimi nilimjua na The Mask na Ace Ventura, zote za 1994, uso unavutwa kama mpira na makelele mwanzo mwisho. Akaniambia we kaa tu, ukichoka lala. Sikulala, na ilipoisha nilikuwa nimenyamaza kabisa machozi yako karibu, na tangu hiyo siku nimekuwa nikijiuliza, sura ni ile ile, sasa imekuwaje?

Sehemu ya jibu ni ya kitambo sana. Zaidi ya miaka 100 iliyopita huko Urusi dairekta Lev Kuleshov alichukua kipande cha mwigizaji ametulia tu, uso hauonyeshi kitu, akakiunganisha na picha ya sahani ya supu, halafu mtoto kwa jeneza, halafu mwanamke amejilaza kwa kochi. Inasimuliwa watu waliona njaa, wakaona huzuni, wakaona tamaa, wakamsifu jamaa anajua kuigiza, na uso ulikuwa ule mmoja. Yaani tunasoma sura kulingana na kilichowekwa kando yake. Kama umekulia kwa muvi za DJ Afro, yule jamaa wa kusimulia muvi za nje kwa Kiswahili, hii unaielewa bila kuelezwa, sauti yake ikiingia tu unaanza kumuona stelingi vingine.

Lakini Truman inaenda mbali zaidi, na hapa ndio naipendea. Dairekta Peter Weir hakujaribu kuficha lile tabasamu la Carrey lililozidi, alilitafutia sababu. Truman amekuzwa ndani ya studio kubwa kama mji, kamera 5,000, bibi yake, majirani, hata rafiki yake wa utotoni wote ni waigizaji na yeye peke yake ndio hajui. Asubuhi akisalimia majirani kwa ile furaha nyingi unasema ndio huyo sasa, ameanza vituko vyake, halafu polepole inakuingia kwamba mtu aliyelelewa hivyo angejua kucheka vipi kwingine? Kile kitu kilikuwa kinakukera ndicho kinaanza kukuuma. Na haikuwa bahati, Weir alikubali kumsubiri Carrey amalize kazi zingine kwanza ndio waanze.

Imetokea kwa wengine pia. Michael Keaton alipopewa Batman ya 1989 inasemekana studio ilipokea barua kama 50,000 za kulalamika, watu walikuwa wanamjua na komedi, na leo kuna wengi wanasema Batman wao ni yeye.

Tena mchekeshaji anajua kupima muda, lini aongee na lini anyamaze, kwa hivyo mtu uliyezoea kumuona akirukaruka akisimama tu bila kufanya kitu, macho yako yanaenda kwake yenyewe. Kuna mahali karibu na mwisho mashua ya Truman inagonga anga, kumbe ni ukuta umepakwa rangi ya mawingu. Anaweka mkono kwanza, pole, kama anapapasa kitu cha moto, halafu anaanza kuupiga. Hapo sikumuona Carrey tena.