GRE siyo NECTA: kwa nini siwatumii watu madesa

Kila mwaka ikishafika mwezi wa 9 simu yangu inaanza kujaa mesiji za aina moja. Shikamoo mwalimu, nimeshalipia GRE, nafanya baada ya wiki 3, naomba madesa. GRE ni ule mtihani wa lugha ya Kiingereza na hesabu ambao vyuo vya Marekani wanautumia kuchuja wanaoomba masters na PhD. Presha inatoka wapi naijua, programu nyingi za Marekani zinafunga maombi Desemba, na mtu kashatoa zaidi ya dola 200 mfukoni, yaani nusu milioni na kitu ya hela yetu, hataki iende bure. Lakini madesa siyatumi. Siyo roho mbaya, ni kwamba nimeshaona watu wazuri kabisa, mtu katoka UDSM na GPA ya 4.3, anameza orodha ya maneno 1,000, anapiga msuli mpaka usiku wa manane, halafu anatoka na skoo ambayo wala haifanani na kichwa chake. Inaniuma kila nikiona hiyo, ndo maana nimekaa chini niandike vizuri.

Sisi tumelelewa na mitihani ya taifa ya NECTA. Hesabu za NECTA wanakwambia oneshe njia, ukiteleza mstari wa mwisho bado unaokota maksi za njia, kwa hiyo tumezoea kusoma topiki zote, kukremu fomula, kukusanya pasti pepa za miaka 10 na kufanya mpaka maswali yaanze kujirudia. Kwenye GRE njia yako hakuna anayeiona. Kompyuta inaangalia jibu basi, na mbaya zaidi waliotunga wanajua kabisa mtu mwenye haraka atakosea wapi, jibu la kosa lake wameshaliweka pale kwenye machaguo linamsubiri. Ukishalipata hesabuni ukaliona na kwenye skrini unajisikia umepata, unabonyeza, unaenda mbele na amani yako.

Hesabu zenyewe siyo ngumu, hili nawaambia wote siku ya kwanza. Hakuna kalkulasi humo, ni asilimia, uwiano, milinganyo, jiometri ya kawaida, wastani, probabiliti kidogo, karibu yote uliyagusa kabla ya kumaliza fomu foo. Na kalkuleta ipo kwenye skrini.

Pepa lenyewe sasa, maana bado kuna watu wanasomea mtihani wa zamani uliokuwa unakaribia saa 4. Tangu tarehe 22 Septemba 2023 ETS, wenye mtihani wenyewe, wameukata, sasa hivi ni saa 1 na dakika 58. Unaanza na insha moja ya dakika 30, halafu lugha seksheni 2 (maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23) na hesabu seksheni 2 (maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26), na hakuna mapumziko katikati. Lugha na hesabu kila moja inapewa alama kati ya 130 na 170, insha ni 0 mpaka 6. Kama kitabu ulichoazima kinakufundisha insha 2, hicho ni cha zamani, maswali yake bado yanafaa ila usikitumie kujipima muda. Ukigawanya utaona swali la hesabu lina sekunde kama 104 na la lugha sekunde 91, na hizo 91 zinajumuisha kusoma kifungu kizima cha habari.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba mtihani unakuangalia wakati unaufanya. Ukifanya vizuri seksheni ya kwanza ya hesabu, ya pili inaletwa ngumu zaidi, na ni kwenye hiyo ngumu ndo kuna njia ya kwenda kwenye alama za juu. Nimekuwa na vijana wanatoka nje wamenyong'onyea, mwalimu ya pili ilikuwa mbaya sana nimefeli, kumbe ugumu ule ndo ulikuwa habari njema. Kwa hiyo ile ya kwanza ipe heshima yake, usiichukulie kama ya kupasha misuli.

Na hakuna kukatwa maksi kwa jibu la kosa. Swali tupu ni hasara ya bure. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipofanya nilikwama kwenye swali la duara lililochorewa pembetatu ndani, najua naliweza, nimelifundisha mara ngapi, nikaligomea dakika kama 7 hivi kwa ubishi tu, nilipokuja kushtuka muda umebaki sekunde chache na maswali 3 sijayafungua kabisa. Yale matatu nilipoyafikiria baadaye pengine mawili yalikuwa mepesi kuliko lile moja. Ndani ya seksheni unaruhusiwa kuliwekea swali alama, ukaenda mbele ukarudi. Sheria yangu kwa watu wangu ni dakika 2, ukifika hapo hujaona mlango weka jibu lolote, weka alama, ondoka.

Sasa nioneshe ninavyosema mtego. Kuna maswali ya kulinganisha viasi viwili, unapewa Kiasi A na Kiasi B unaambiwa uchague A ni kikubwa, B ni kikubwa, vinalingana, au taarifa hazitoshi kuamua. Chukua hili nililolitunga mwenyewe: x mara y ni 12, Kiasi A ni x + y, Kiasi B ni 6. Karibu darasa zima linafanya hivi, 3 na 4 jumla 7, 2 na 6 jumla 8, 1 na 12 jumla 13, zote zinazidi 6, jibu A, tena wanalisema kwa sauti. Na kweli kwa namba chanya zote, hata ukiweka za desimali, jumla haishuki kufika 6. Lakini nani kasema ni chanya? Weka -3 na -4, zikizidishwa ni 12 vilevile, jumla ni -7. Mara A kikubwa, mara B kikubwa, kwa hiyo jibu ni la nne, taarifa hazitoshi. Hapo hakuna hesabu ya chuo kikuu, kuna kusoma tu kilichoandikwa na kuona ambacho hakijaandikwa. Ninawataka kila swali la hivi wajaribu sifuri, namba hasi na sehemu kama nusu kabla hawajabonyeza, mpaka iwe kama kuangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka Morogoro Road.

Upande wa lugha watu wanadhani shida ni maneno magumu. Yapo, na utajifunza, ila yanayowamaliza wenzetu hasa ni maneno wanayoyajua. Neno "qualify" kila mtu atakwambia ni kufuzu, lakini kwenye kifungu cha GRE mwandishi aki-"qualify" kauli yake anaipunguzia makali, anaiwekea mipaka. "Check" inaweza kuwa kuzuia. "Want" inaweza kuwa upungufu. Neno usilolijua linakufanya usimame ujiulize, hili unalolijua linakupitisha kwa kasi mpaka kwenye jibu la kosa. Ndo maana nawakatalia zile orodha za maneno 1,000 yenye maana moja moja pembeni. Soma makala ndefu za Kiingereza za sayansi, historia, sanaa, kila siku kurasa kadhaa, neno likikaa vibaya kwenye sentensi simama, liandike pamoja na sentensi yake nzima. Na kwenye yale maswali ya kuchagua maneno mawili kati ya sita yanayoleta maana moja, ukipata moja ukakosa moja hupewi nusu, kwa hiyo kabla ya kuangalia machaguo jazia nafasi kwa neno lako mwenyewe, hata la Kiswahili, halafu ndo utafute linalofanana nalo. Hii ya Kiswahili wengi wanaionea aibu, wakati kichwa kinafikiri kwa lugha kinayoijua na muda haukusubiri ujifanye Mwingereza.

Haya, kazi yenyewe. Siku ya kwanza kabla hujafungua kitabu chochote nenda kwa ETS, POWERPREP wana mitihani 2 ya kujipima ya bure, fanya mmoja, umekaa mezani, simu iko chumba kingine, muda unahesabika. Wengi hawataki, wanasema ngoja kwanza nisome nisijeaibika. Kuaibika mbele ya nani, uko peke yako. Ule wa pili usiuguse mpaka zibaki kama wiki 2.

Baada ya hapo nunua daftari la kawaida tu la kaunta. Kila swali ulilokosa linaingia humo, na unaandika kwa nini, kwa maneno yako. Wapo wanaoandika "uzembe" kila mstari, nawarudishia. Uzembe siyo sababu. Nina binti mmoja mwaka juzi, mhasibu, daftari lake nilikuwa nalipenda sana. Mstari mmoja aliandika: bei imeshuka kutoka 100 hadi 80, nimegawa kwa 80 nikapata 25, jibu 20, nagawa kwa bei mpya badala ya ya zamani. Wiki iliyofuata kosa lilelile likaja kwenye swali la idadi ya watu, wiki nyingine kwenye jedwali la mishahara. Akiangalia yale maswali matatu yalikuwa hayafanani kabisa, lakini daftari likamwambia ni ugonjwa mmoja. Aliutibu jioni moja. Bila daftari angefanya maswali mengine 300 na ugonjwa wake bado anao.

Na uyaweke humo hata uliyoyapata kwa kubahatisha, hayo ndo yanadanganya kuliko yote kwa sababu kwenye kusahihisha yana tiki. Ukiwa na miezi 3 na saa 2 kwa siku, ningependa muda karibu nusu uishie kwenye daftari kuliko kwenye maswali mapya.

Wa fomu siksi mnaolenga SAT, mtihani wa kuombea digrii ya kwanza Marekani, haya yanawahusu pia. Nayo sasa ni ya kompyuta, saa 2 na dakika 14, alama 400 mpaka 1600, na seksheni ya pili ya kila somo inategemea ulivyofanya ya kwanza. Na msidanganywe kwamba hakuna chuo kinachoidai, MIT waliirudisha 2022 na Harvard wakatangaza kuirudisha 2024. GRE kwa upande wake imeachwa na programu nyingi, biolojia hasa, ila uchumi bado wengi wanaitaka, kwa hiyo fungua ukurasa wa programu yako usome kabla hujalipa hata senti. Na ujue 160 ya lugha siyo sawa na 160 ya hesabu, kwenye lugha inakuweka juu ya watu wengi zaidi maana watahiniwa wa hesabu duniani wana alama kubwa.

Jina. Jina ulilojisajilia lazima lifanane na la pasipoti. Nimempeleka mtu asubuhi yote tumefika mapema, kajisajili kwa jina la kwenye vyeti na pasipoti ina jina la ndoa, akarudishwa mlangoni, hela ikaenda. Tulikaa kwenye benchi nje sijui nimwambie nini. Kuhusu kufanyia nyumbani inaruhusiwa, ila chumba uwe peke yako, karatasi ya kawaida hairuhusiwi, unaandikia kwenye ubao mdogo unaofutika au karatasi iliyo ndani ya plastiki angavu, na kama mtaani kwenu umeme unakatika hovyo mimi nakushauri nenda kituoni.

Ukishamaliza swali la mwisho, kabla hujaona alama, skrini inakuuliza utunze matokeo au uyafute. Umechoka, umetoka kwenye seksheni ngumu, kila kitu ndani kinakwambia futa. Usifute. Wewe ndo unayechagua matokeo ya siku ipi yaende chuoni, yanadumu miaka 5, na unaweza kurudia baada ya siku 21, mpaka mara 5 ndani ya miezi 12. Yule mhasibu aliniambia alikaa na kidole juu ya mausi akiwa na uhakika kaharibu, akakumbuka tulivyoongea, akabonyeza tunza. Hesabu ikatoka 164.