Soma ubavu wa tairi kabla ya kuuliza bei

Mwezi Aprili, masika yakiwa yamechachamaa, mwalimu mmoja alileta gari lake kwenye karakana ya chuo chetu, hapa Dar es Salaam. Alilalamikia breki. "Mvua ikinyesha nakanyaga, gari linaenda tu," alisema. Wanafunzi walifungua magurudumu yote manne: pedi nzima, mafuta ya breki yapo, diski hazina tatizo. Nikachuchumaa kwenye tairi la mbele na kubonyeza kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, kwa kidole gumba. Zilikuwa nene, karibu mpya, ila laini mno, zinabonyea kama kifutio cha penseli. Ubavuni pameandikwa STUDLESS. Gari lilishuka bandarini miezi minne kabla, likiwa bado na matairi ya theluji ya Japani.

Mpira wa matairi hayo umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami yetu, jua likiwa nyuzi 32, unalainika kupita kiasi. Kashata zinalala unapofunga breki, na gari linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, kavu au mvua. Vilevile tairi lenyewe linaisha haraka. Utalitambua kwa neno hilo STUDLESS, au kwa mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au kwa majina kama Blizzak na iceGUARD, ambayo ni matairi mazuri sana huko kwenye barafu yalikokusudiwa. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake zisikutishe. Zipo kwenye matairi mengi ya magari ya juu ambayo yanatufaa kabisa kwenye tope.

Kitu cha pili cha kusoma ni umri. Tafuta herufi DOT, ufuate mstari wake mpaka mwisho, ambako kuna tarakimu nne. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo zipo ubavu mmoja tu, kwa hiyo usipoziona mwambie muuzaji aligeuze. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, liache hapo hapo: hilo ni la kabla ya mwaka 2000.

Umri una maana kwa sababu mpira unazeeka hata kama tairi halijawahi kugusa barabara. Joto na jua vinaukausha, unakuwa mgumu, na nyufa ndogo zinatokea ubavuni na katikati ya kashata kama tope lililokauka. Michelin na Continental wote wanashauri tairi lisitumike zaidi ya miaka 10 tangu kutengenezwa, hata likionekana zima. Kwa hali yetu mimi ni mkali zaidi. Tairi la mtumba lililozidi miaka mitano silinunui, na "jipya" lililoning'inizwa juani nje ya duka mwaka mzima nalikagua kama la mtumba. Ule weusi unaong'aa ni dawa ya kupaka tu. Futa kwa kitambaa, ndipo uangalie nyufa.

Kuna jambo linaloniumiza kuliko yote: matairi ya kuchonga. Tairi limebaki kipara, mtu anachukua kisu cha moto anachimba kashata upya, na mnunuzi anaondoka akifurahi. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa kuchongwa, nayo yameandikwa REGROOVABLE. La gari dogo halina mpira wa akiba chini ya kashata. Ukichonga unakaribia waya za ndani ya tairi. Chungulia ndani ya mifereji utafute vile vinundu vidogo vinavyoonyeshwa na herufi TWI ubavuni. Kashata ikichakaa hadi usawa wa vinundu hivyo, imebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Mfereji uliochimbwa chini ya vinundu hivyo ni kazi ya kisu.

Sasa saizi. Tuseme Noah yako inavaa 195/65 R15 91S. Hiyo 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na 15 ni ringi. Watu wengi wanaishia hapo, kumbe 91 ndiyo inayobeba familia: ina maana kila tairi linahimili kilo 615, manne kilo 2,460. Fundi anaweza kukupa 185/55 R15 yenye 82 kwa sababu ni rahisi na inaingia kwenye ringi ile ile. Lakini 82 ni kilo 475, manne kilo 1,900. Noah tupu ina kama kilo 1,500. Weka watu wanane na mizigo ya Krismasi kwenda Moshi, piga hesabu mwenyewe.

Upepo nao usikisie. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na hupimwa asubuhi tairi likiwa la baridi. Upepo pungufu hufanya ubavu ujikunje kila mzunguko, tairi linachemka, na baada ya saa mbili za lami kutoka Chalinze linapasuka.

Ukiwa na uwezo wa kununua mawili tu, yafunge nyuma. Najua mafundi wengi watabisha, lakini mbele yakiteleza dereva anahisi kwenye usukani na anaweza kupunguza mwendo. Nyuma yakiteleza gari linazunguka kabla hujafanya lolote.

Mwalimu wetu alinunua manne mapya. Nilimwomba asiyauze yale ya theluji kwa mwingine, akakubali. Dukani alisoma tarakimu nne kabla tairi halijapanda kwenye ringi, kwa kuwa likishafungwa upande wenye maandishi unaweza kuangalia ndani, kisha akamwambia muuzaji aziandike kwenye risiti, moja moja, tairi zote nne.