Jicho la Manga Halipimwi kwa Rula

Juma lililopita, katika darasa la uchoraji ninalofundisha, mzazi mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe aliinama juu ya daftari la kijana huyo, akamtazama msichana aliyechorwa humo kwa mtindo wa manga, yaani vibonzo vya Kijapani, kwa macho yaliyojaa nusu ya uso, kisha akatamka, kwa uhakika wa mtu anayesoma saa ya ukutani, kwamba Wajapani huchora macho makubwa kwa sababu wanatamani kuwa Wazungu. Neno hilo nimekwisha kulisikia harusini, kwenye daladala na hata kwa watu wenye shahada ya sanaa, na siku zote nimelijibu kwa tabasamu. Safari hii tabasamu lilikataa kuja, na kwa kuwa mzazi mwenyewe alikuwa na haraka, yaliyonikwama kooni nayaandika hapa.

Historia nitaipitia mbio, kwa sababu ndipo wengi wanapoishia. Osamu Tezuka, mchoraji wa manga anayetajwa sana macho haya yanapozungumzwa, alikulia Takarazuka, mji wenye kundi maarufu la maigizo ambalo waigizaji wake wote ni wanawake, nao hupaka wanja na rangi nzito kuzunguka macho ili hisia zao ziwafikie hata watazamaji wa viti vya nyuma. Aliongeza hapo mapenzi yake kwa vikatuni vya Marekani, vikiwamo vya Disney na vya Betty Boop. Bambi wa filamu ya Disney, aliyemvutia sana, kwa taarifa ya mzazi yule, ni mtoto wa kulungu. Aidha, Tezuka hakuanza kwenye uwanja mtupu, kwani katika miaka ya 1930 Jun'ichi Nakahara alikuwa tayari akiwachorea wasomaji wa magazeti ya wasichana nyuso zenye macho mapana, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Makoto Takahashi akayajaza macho hayo nyota. Mwaka 1963 hadithi ya Tezuka kuhusu roboti mwenye umbo la mtoto ilipoingia kwenye televisheni, bajeti ilikuwa finyu na michoro ilibidi ipunguzwe, hivyo mwili ulisimama kama mlingoti huku macho na mdomo vikibeba mchezo mzima.

Siwezi kuapa kwamba Ulaya haimo kabisa. Nakahara alikuwa pia mtengenezaji wa wanasesere wa mtindo wa Kifaransa, na mojawapo ya manga za wasichana zilizopendwa kuliko zote katika miaka ya 1970, ile ya Riyoko Ikeda, inatendeka katika kasri la Versailles. Kuna mvuto wa mavazi, wa mashairi na wa majumba ya mbali, na anayeukana ni mbishi tu. Lakini kuvutiwa na gauni la mtu si kutaka kubadilishana naye ngozi, na mchoraji wa manga anapotaka msomaji ajue kwamba aliyeingia chumbani ni mgeni kutoka Magharibi, mara nyingi hagusi macho: humrefushia pua na kumpanulia taya. Uso usiotiwa alama huachwa uwe wa mwenyeji, na Mjapani anayeusoma humwona Mjapani, kama ambavyo mtoto wa hapa akichora duara lenye nukta mbili na mstari hajiulizi ni mtu wa kabila gani.

Kama macho makubwa yangekuwa ombi la kuhamia Ulaya, ingetupasa kueleza kwa nini Katsuhiro Otomo aliijaza manga yake Akira nyuso zenye macho madogo, na kwa nini muuaji wa kukodiwa katika manga ya Takao Saito, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1968, amekuwa akitazama dunia kupitia nyufa mbili nyembamba. Ingetupasa pia kueleza familia moja ndani ya hadithi moja, ambamo mjukuu ana macho kama visahani na babu yake ana vijistari viwili. Je, babu ndiye pekee aliyeridhika na Ujapani wake?

Ukubwa, kwa kweli, ndio jambo lisilonishughulisha sana ninapobuni mhusika. Hutaja umri na kiasi cha hisia anachoruhusiwa kuonyesha, basi. Kazi yenyewe imo katika pembe, katika ukope na katika mng'ao, na hapo Kijapani kina msamiati ambao Mswahili hana haki ya kuushangaa, kwani lugha yenye macho ya kungu, macho ya gololi, macho makavu na kitenzi kizima cha kurembua inajua vyema kwamba jicho ni tabia. Pembe ya nje ikipanda kuliko ya ndani, hiyo ni tsurime, jicho la mkali au mwenye kiburi. Ikishuka, ni tareme, jicho la mpole. Ukope wa juu ukikatwa mlalo na kufunika nusu ya mboni, ni jitome, jicho la mtu aliyechoshwa na upuuzi wako. Weupe ukionekana pande tatu za mboni ndogo, ni sanpakugan, na wenye busara husogea pembeni.

Kanuni ya tsurime na tareme nimeifundisha kwa miaka mingi, na kila mwaka imani yangu juu yake hupungua, maana wanafunzi huitumia kama nyota za mnajimu, na sisi walimu tunakumbuka wahusika wanaoitii na kuwasahau wanaoikaidi. Vivyo hivyo kwa hoja ya Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, ya mwaka 1943, kwamba sura ya kitoto huamsha ndani yetu hamu ya kulea. Naikubali nikimtazama mtoto wa paka, lakini hainielezi muuaji mwenye macho makubwa na ya baridi, ambaye manga inaye tele.

Kinachonikera kuliko vyote ni mng'ao, zile doa nyeupe ambazo wanafunzi hudondosha mwishoni kama sukari juu ya andazi. Katika anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, karatasi ya vielelezo vya mhusika huonyesha doa hizo ziko ngapi, zina umbo gani na zinakaa wapi, na mara nyingi hubaki mahali pake hata taa ikiwa upande wa pili wa chumba, kwa sababu nuru hiyo haitoki kwenye taa. Ukiifuta, huku ukiacha kila mstari jinsi ulivyokuwa, mhusika amerogwa, amekata tamaa, au nafsi imemtoka. Mabadiliko hayo ni madogo kuliko punje ya mtama, na msomaji wa miaka tisa huyatambua kabla hajasoma neno.

Mzazi yule aliupima uso wote kwa macho yake mawili asione kwamba msichana wa kwenye daftari hakuwa na doa hata moja. Nilimwuliza kijana kama alisahau. Akasema hakusahau, huyo msichana ameshapokea barua, ila mama yake hajajua bado, na atajua ukurasa wa tano.