Seneta aliyejua kupima hesi

Kazi yangu ni kukereza vyuma. Vijana wa karakana huwa nawaambia: skrubu ikigoma kuingia kwenye nati, usiilazimishe, ipime. Ndiyo maana namheshimu sana Ralph Flanders, fundi mitambo aliyeingia Seneti ya Marekani mwaka 1946 akiwakilisha jimbo la Vermont, akakaa humo hadi mwanzoni mwa 1959.

Chuo kikuu hakusoma. Alianza kama mwanagenzi wa mashine huko Providence mwaka 1897, baadaye akahamia Springfield, mji mdogo wa Vermont ulioishi kwa mashine za kukereza. Mwaka 1933 akawa rais wa kampuni ya Jones & Lamson. Hapo kilitengenezwa chombo kilichobuniwa na baba mkwe wake, James Hartness, pamoja na Russell Porter. Unaiweka skrubu mbele ya taa, lenzi inakuza kivuli chake, kivuli kinaangukia mchoro wa hesi sahihi, yaani meno yanayoizunguka skrubu. Jino likizidi mchoro kwa unene wa unywele, unaliona papo hapo. Cheo cha aliyeikereza hakisaidii kitu.

Sasa njoo 1954. Seneta Joseph McCarthy, Mrepublican mwenzake, alikuwa ameitia nchi hofu kwa kuwatuhumu watu ukomunisti bila ushahidi, na wengi chamani walinyamaza. Flanders alimpinga Senetini tarehe 9 Machi. Juni 11 aliingia katika chumba alimokuwa McCarthy, kamera za televisheni zikiwa kazini, akamkabidhi karatasi ya kumjulisha kwamba anakwenda kumsema Senetini. Hakutaka kumsengenya, na hilo peke yake kwangu ni kubwa.

Julai 30 akawasilisha azimio la kumkemea. Hakushindana na itikadi ya McCarthy. Alisema mwenendo wake haulingani na mila za Seneti na unaishushia heshima. Kivuli juu ya mchoro, basi. Wenzake walipolalamika kwamba hakutaja makosa bayana, alirudi na mashtaka 33. Walikuwa na haki ya kudai hivyo: fundi akisema skrubu haifai, lazima aonyeshe jino lenyewe.

Kamati iliyachambua mashtaka yake pamoja na ya maseneta wengine wawili. Azimio la mwisho lilibaki na makosa mawili tu. Desemba 2 likapita kwa kura 67 dhidi ya 22.