Nyimbo za bei chee mtandaoni: lini ni biashara halali, lini ni uharamia

Uharamia wa muziki mtandaoni ni kunakili wimbo, kuuweka mtandaoni au kuusambaza bila ruhusa ya mwenye haki. Bei haimo kabisa katika maana hiyo. Anayegawa bure bila ruhusa ni haramia, na anayeuza bila ruhusa ni haramia vilevile. Kwa maoni yangu huyu wa pili ana kosa kubwa zaidi, kwa sababu pesa anayoipokea imetoka kwa mtu aliyekuwa tayari kumlipa msanii.

Wanaponaswa wengi ni hapo kwenye kulipa. Tovuti ina picha za albamu, ina sehemu ya kuweka kadi ya benki, inatoa risiti, na mteja anaona amefanya jambo la haki kuliko jirani yake anayechukua bure. Lakini risiti inathibitisha tu kwamba pesa imetoka mfukoni mwako. Haithibitishi kwamba aliyeipokea alikuwa na kitu cha kuuza.

Ili kujua kama alikuwa nacho, tuanze na wimbo wenyewe. Wimbo mmoja hubeba haki mbili kwa uchache. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na melodi, na hii ni ya mtunzi au mchapishaji wake. Ya pili ni ya rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo mara nyingi humilikiwa na lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, au na msanii mwenyewe kama alijigharimia. Mwimbaji akirudia wimbo wa zamani, rekodi mpya ni yake, ila utunzi unabaki kwa aliyeutunga. Kwa hiyo duka linalotaka kuuza faili linahitaji ruhusa ya pande zote mbili, na ruhusa hizo lazima zihusu tendo lenyewe. Kupiga wimbo redioni kuna ruhusa yake, kuuza nakala kuna yake, na kuuweka mtandaoni ili kila mtu auchukue mahali na wakati apendao kuna yake pia. Haki hii ya mwisho ndiyo iliyoandikwa katika mikataba miwili ya Shirika la Hakimiliki Ubunifu Duniani, WIPO, ya mwaka 1996: mmoja kwa ajili ya watunzi, mwingine kwa ajili ya waimbaji, wapigaji na watayarishaji wa rekodi.

Hakuna kisa kinachoonyesha mambo haya vizuri kuliko cha AllOfMP3, tovuti ya Urusi iliyovuma miaka ya 2000. Ilikuwa duka la kuvutia kweli. Mteja aliweka akiba ya pesa, akachagua wimbo, akachagua na aina ya faili na ubora wa sauti, kisha akatozwa kwa uzito wa faili badala ya idadi ya nyimbo. Mwaka 2006 bei ilikuwa kama senti 2 za dola kwa megabaiti. Wakati huohuo iTunes, duka la muziki la Apple lililofunguliwa Aprili 2003, lilikuwa likiuza wimbo mmoja kwa senti 99, tena faili lake likiwa limefungwa kwa kinga inayozuia kunakiliwa ovyo. Faili za AllOfMP3 hazikuwa na kinga yoyote.

Tufanye hesabu. Wimbo wa dakika 4 kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde una uzito wa karibu megabaiti 3.8. Kwa senti 2 kila megabaiti, mteja analipa chini ya senti 8. Sasa, tangu Januari 2006, kiwango kilichowekwa kisheria Marekani kwa ajili ya mtunzi, kwa kila nakala ya wimbo usiozidi dakika 5, kilikuwa senti 9.1. Mtunzi peke yake, kabla ya lebo, mwimbaji, seva na makato ya benki, alistahili zaidi ya bei nzima ya wimbo. Hesabu hiyo ilitosha kumwonyesha yeyote kwamba mrabaha wa kawaida, yaani malipo ya wenye haki, haukuwa ukilipwa mahali fulani.

Hata hivyo wenye tovuti hawakujificha. Walisema wana leseni, na kweli walikuwa na karatasi. Ilitolewa na chama cha Urusi cha kusimamia haki kilichoitwa ROMS. Vyama vya aina hii ni vya kawaida na vina manufaa makubwa: redio haiwezi kumtafuta kila mtunzi duniani, kwa hiyo inalipa chama, nacho kinagawa mirabaha. Sheria ya hakimiliki ya Urusi ya mwaka 1993 ilikwenda mbali zaidi. Iliruhusu chama kutoa leseni hata kwa kazi za watu ambao hawakuwahi kujiunga nacho, mradi hawajatamka kwamba wanaziondoa kazi zao. Tovuti ikalipa ROMS sehemu ya mapato na kujihesabu imemaliza wajibu wake. Lebo kubwa zikajibu kwamba hazijawahi kuipa ROMS mamlaka yoyote juu ya rekodi zao. Hapo basi una leseni ambayo mtoaji wake hakutumwa na mwenye mali.

Nani alikuwa sahihi? Jibu linategemea umesimama nchi gani, na hili ndilo jambo ambalo maelezo mengi huliruka. Hakimiliki haina sheria moja ya dunia. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unazitaka nchi wanachama zilinde kazi za wageni kama zinavyolinda za wenyeji, lakini kila nchi inalinda kwa sheria zake na ndani ya mipaka yake. Leseni ya Urusi, hata tukiikubali kuwa halali huko, haimpi muuzaji haki ya kuuza Uingereza, Denmark au Marekani. Mteja akiwa Copenhagen na faili likashuka kwenye kompyuta yake pale, sheria ya Denmark ina la kusema.

Na ilisema. Oktoba 2006 mahakama ya Copenhagen iliamuru kampuni ya intaneti ya Tele2 iwafungie wateja wake njia ya kufika kwenye tovuti hiyo. Miezi hiyohiyo Visa na MasterCard ziliacha kuihudumia. Novemba, Marekani na Urusi zilipokubaliana masharti ya Urusi kuingia Shirika la Biashara Duniani, tovuti hii ilitajwa katika mazungumzo ya mataifa mawili makubwa. Desemba, lebo kubwa zikafungua kesi New York. Julai 2007 AllOfMP3 ikafungwa. Mwezi uliofuata, mahakama ya Moscow ikamwachia huru aliyekuwa mkuu wa kampuni iliyoiendesha, kwa kuwa hatia haikuthibitishwa na kampuni ilikuwa ikiilipa ROMS. Hukumu hiyo ilisherehekewa na wapenzi wa tovuti kana kwamba imewasafisha wateja wote duniani. Haikuwasafisha. Ilihusu kosa la jinai, la mtu mmoja, chini ya sheria ya Urusi.

Mbinu nyingine ilikuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 2009 tovuti ya Marekani iitwayo BlueBeat iliuza nyimbo za Beatles kwa senti 25 kila mmoja, wakati kundi hilo lilikuwa bado halijaruhusu duka lolote kuuza nyimbo zake kama faili za kupakua. Zilifika iTunes Novemba 2010. Utetezi wa BlueBeat ulikuwa kwamba haikuuza rekodi za asili, bali sauti zilizotengenezwa upya na kompyuta kuziiga. EMI, lebo iliyomiliki rekodi za Beatles, ilikwenda mahakamani, mahakama ikazuia uuzaji, na mwaka 2011 kampuni ikakubali kulipa dola 950,000.

Sitaki msomaji aondoke akidhani bei ya chini ni ushahidi wa wizi. Mei 2011 Amazon iliuza albamu mpya ya Lady Gaga kwa senti 99, albamu nzima, nayo ilikuwa halali kabisa: duka lilijitwika hasara ili kuvuta wateja, huku lebo ikipata bei yake ya jumla. Kwenye Bandcamp, duka la mtandaoni ambako wasanii huuza wenyewe, msanii anaweza kujipangia bei, hata ya sifuri, maana mali ni yake. Wapo pia wanaotoa nyimbo kwa leseni za Creative Commons, zilizoanza mwaka 2002, na hapo kuchukua bure ni ruhusa iliyoandikwa. Ruhusa ikiwepo, hata bure ni halali.

Wengine huuliza kuhusu faili zilizotumika. Sidii uliyoinunua unaweza kuiuza, kwa nini usiuze faili? Kampuni ya ReDigi ilijaribu biashara hiyo Marekani, ikidai kwamba faili huhama kutoka kwa muuzaji na halibaki kwake. Mahakama ilikataa mwaka 2013, na rufaa ikashindwa mwaka 2018, kwa hoja kwamba kulihamisha faili ni kutengeneza nakala mpya kwenye kompyuta nyingine. Binafsi naona hukumu hiyo inamwonea mnunuzi aliyelipa bei kamili, lakini huko ndiyo sheria.

Na mnunuzi wa kwenye tovuti ya mashaka je? Katika Umoja wa Ulaya jibu liko wazi tangu Aprili 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilipoamua kwamba ruhusa ya kujinakilia kwa matumizi binafsi haihusu nakala inayotoka kwenye chanzo haramu. Kwingineko sheria hutofautiana, na wanaofuatwa zaidi ni wauzaji na wasambazaji. Hasara inayomfika mteja haraka ni nyingine: tovuti za namna hii hupenda kulipwa akiba mapema, na siku zikifungwa hana pa kuidai. Na namba ya kadi yake imebaki mikononi mwa watu asiowajua.

Kabla ya kulipa, angalia mambo yanayoonekana. Fungua ukurasa rasmi wa msanii au lebo uone kama duka hilo limetajwa. Tazama chini ya albamu kama kuna alama ya ℗, mwaka na jina la mwenye rekodi. Alama inaweza kughushiwa, lakini tovuti nyingi za uharamia hazijisumbui hata kuiweka. Tazama pia kama duka linajali uko nchi gani. Duka lenye leseni za lebo kubwa huuliza, kwa sababu leseni zake zimegawanywa kwa nchi, na mara nyingine litakunyima wimbo ambao mwenzako wa nchi nyingine anauona. Inaudhi, najua. Lakini tovuti inayouza kila wimbo wa kila lebo kwa kila mtu duniani, kwa senti chache, bila kuuliza chochote, iandikie barua pepe uulize leseni yake imetolewa na nani na inatumika nchi zipi. Ikijibu, tafuta jina hilo kwenye tovuti za lebo zenyewe. Isipojibu, usiweke namba ya kadi yako.