Namna ya Kuchuma Mboga za Bustani ya Kiangazi ili Ziendelee Kuzaa

Watu wengi wenye bustani za nyumbani hapa Morogoro wanajua vizuri kuandaa matuta, kusia mbegu na kumwagilia, lakini ikifika siku ya kuchuma huona kwamba kazi imekwisha. Mtoto anatumwa akachume mboga ya mchana, naye hung'oa kilicho karibu na mlango. Mimi nimefanya kazi ya kilimo cha bustani kwa muda mrefu, na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba kuchuma ni kazi ya kilimo sawa na kupalilia. Mahali unapolikata shina, umri wa tunda unalolichuma na saa unayoingia bustanini ndivyo vinavyoamua kama tuta litakulisha kwa wiki tatu au kwa miezi mitatu, na kama mboga itafika chunguni ikiwa bado na ile ladha iliyokufanya ulime mwenyewe.

Ninaizungumzia hasa bustani ya kiangazi, ile inayopandwa masika yanapoisha, mwezi wa Mei au Juni, ikanyweshwa kwa maji ya kisima au ya bomba hadi mvua za vuli zitakapokaribia. Msimu huu ni mzuri kwa mboga, kwa sababu majani hayakai na unyevu kwa muda mrefu, na kwa hiyo magonjwa ya ukungu, hasa bakajani chelewa ya nyanya, hupungua sana. Tatizo lake ni maji, pamoja na wadudu wanaopenda ukavu na joto, kama utitiri mwekundu. Kwa kuwa kila ndoo ya maji ina gharama yake, ni hasara kubwa kuunywesha mmea mwezi mzima kisha kuung'oa siku moja, ilhali ungeweza kuendelea kutoa majani au matunda kwa wiki nyingi zaidi.

Mchicha ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Wiki tatu au nne baada ya kusia, miche huwa imesongamana, na hapo unaanza kwa kupunguzia: ng'oa ile iliyobanana, kata mizizi, na hiyo ndiyo mboga yako ya kwanza, laini kuliko mchicha wowote utakaoununua sokoni. Miche inayobaki usiing'oe. Ikifikia urefu wa goti, iangalie kwa karibu: pale kila jani linapoungana na shina pana kichomozo kidogo cha kijani, kidogo kuliko punje ya mtama. Hicho ni chipukizi lililolala. Ncha ya mmea inapokuwa hai hutoa homoni inayoteremka kwenye shina na kuyazuia machipukizi hayo yasiamke. Ukiiondoa ncha, kizuizi hicho kinaondoka. Kwa hiyo kata kwa kisu kikali, kwa mshazari, juu kidogo ya jani la tatu au la nne kutoka chini, na uyaache majani hayo, kwa kuwa ndiyo yatakayolisha machipukizi mapya hadi yaweze kujilisha yenyewe. Baada ya siku chache utaona vichomozo vimevimba na kufunguka, na katika muda wa wiki mbili hivi shina moja ulilolikata litakuwa na matawi matatu au manne ya kuchuma. Mchumo unaofuata, kata kila tawi huku ukiliachia jani moja au mawili.

Baada ya kila mchumo mmea unahitaji chakula. Mimi hutandaza mboji au samadi iliyooza vizuri kati ya mistari, kisha humwagilia mara moja. Samadi mbichi haifai hata kidogo katika tuta la mboga za majani zinazochumwa mara kwa mara, kwa sababu vimelea vyake hurukia majani pamoja na maji, nasi tunayaleta majani hayo jikoni baada ya siku chache tu.

Mchicha unapoanza kutoa mashada ya maua, majani mapya hutoka madogo na shina hujaa nyuzi. Kuyakata mashada hayo kunachelewesha mambo kwa siku kadhaa tu, hivyo ni afadhali uwe umesia mstari mwingine wiki mbili au tatu kabla. Kwa mbegu, bakiza mimea iliyochelewa kutoa maua kuliko mingine yote. Wengi hufanya kinyume chake: huchuma mimea mizuri yote, wakaiacha ile iliyowahi kuchanua, na mwaka unaofuata wanashangaa mchicha wao unakimbilia kutoa maua kabla haujanenepa.

Mnavu nao hukatwa hivyo hivyo, ila maua na vitunda vyake vya kijani viondolewe wakati wa kuchambua. Vitunda vibichi visiliwe. Sukuma wiki ina utaratibu tofauti. Hiyo haikatwi ncha. Huchumwa majani ya chini kwa kuyavuta kuelekea chini hadi kikonyo kiachane na shina, na juu huachwa majani matano au sita. Ukiuvua mmea majani yote kwa sababu wageni wamekuja, utakaa muda mrefu bila kukupa kitu cha maana. Matembele ni rahisi zaidi, maana kila ncha unayoichuma huzaa ncha nyingine, lakini usitegemee tuta moja likupe majani kila wiki na viazi vikubwa kwa pamoja: tenga mstari wa mboga na mstari wa viazi. Ndivyo ilivyo pia kwa mihogo ya kisamvu. Kisamvu kichumwe kwenye majani machanga ya juu, kitwangwe kinuni hadi kilainike kabisa, kisha kichemshwe vya kutosha chungu kikiwa wazi, kwa sababu majani ya muhogo yana chembechembe zinazozalisha sumu iitwayo sianidi, ambazo haziondoki kwa kukaangwa haraka haraka.

Kwa mboga za matunda, umri ndio kila kitu, na hakuna inayolionyesha hilo kama bamia. Ua lake la manjano lenye kitovu chekundu cheusi hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Katika joto la Septemba na Oktoba, tunda huwa tayari siku nne hadi sita baadaye, likiwa na urefu wa kidole. Lipime kwa kuikunja ncha yake kwa kidole gumba. Ikikatika kwa mlio mkavu, bamia ni changa. Ikipinda bila kukatika, nyuzi zimeshakomaa, na hakuna mpishi atakayeweza kuzirudisha nyuma. Kata kikonyo kwa kisu au mkasi, kwa kuwa ukilivuta tunda kwa nguvu unachubua ganda la shina, na vaa shati la mikono mirefu, maana vinyweleo vya bamia huwasha. Bustani ya bamia hupitiwa kila baada ya siku moja. Hata yale matunda yaliyokupita yakakomaa lazima yaondolewe, kwa sababu mmea ukishaanza kukomaza mbegu huzielekezea chakula chake na kupunguza kutoa maua mapya.

Nyanya chungu zichumwe zikiwa bado nyeupe au za rangi ya maziwa na zinang'aa. Zikianza kuwa za manjano, uchungu umeongezeka na mbegu zimekuwa ngumu. Bilinganya likipoteza mng'aro limeshazeeka. Majani ya kunde ni ya kuchuma kabla ya maua, na ya maboga ni yale ya nchani, ambayo vikonyo vyake bado vinamenyeka nyuzi kwa urahisi.

Nyanya ndiyo inayobishaniwa kuliko mboga zote, kwa kuwa kila mtu ameshasikia kwamba nyanya bora ni ile iliyoivia mtini. Kwa hapa kwetu, jibu linategemea mwezi. Rangi nyekundu ya nyanya hutokana na kemikali iitwayo laikopini, ambayo hutengenezwa vizuri katika nyuzi joto 18 hadi 25 hivi, na joto likizidi nyuzi 30 utengenezaji wake huzorota, huku rangi ya manjano ikiendelea kujitokeza. Kwa hiyo mwezi wa Julai, usiku unapokuwa na ubaridi unaoshuka kutoka milima ya Uluguru, mimi huziacha nyanya mtini hadi ziwe nyekundu kabisa. Oktoba hali ni nyingine: nyanya zinazopigwa na jua kali huishia kuwa na mabega ya manjano, magumu, yasiyo na ladha. Wakati huo nazichuma zinapoanza tu kubadilika rangi kwenye kitako, kisha nazipanga kwa safu moja mahali penye kivuli na hewa, ndani ya nyumba. Nyanya iliyofikia hatua hiyo imeshapokea kutoka kwenye mmea karibu kila ilichohitaji, na gesi ya ethilini inayoitoa yenyewe hukamilisha kuiivisha. Wenye majokofu nawasihi wasiziweke humo kabla hazijaiva, kwa maana baridi ya chini ya nyuzi 12 huharibu harufu yake, na ubichi wake hautaondoka.

Baada ya kujua cha kuchuma, swali linalobaki ni saa. Mboga za majani zichumwe alfajiri au asubuhi mapema, kabla jua halijazipiga. Usiku mmea umejaza maji uliyoyapoteza mchana, na majani yamesimama imara. Ikifika saa saba mchana wa Septemba, majani hayo hayo yamelegea, na hata ukiyatumbukiza kwenye maji hayatarudi kuwa kama yalivyokuwa. Jani lililochumwa bado ni hai: linapumua, linatumia sukari yake lenyewe, linapoteza maji, na vitamini C yake inapungua kwa kila saa linalokaa kwenye joto. Mboga ya sokoni huchumwa jioni, ikasafirishwa usiku, ikauzwa siku inayofuata, na mara nyingi hupikwa jioni yake. Wewe mwenye bustani umeondolewa safari hiyo yote, basi usiirudishe kwa kuchuma asubuhi kisha kuyaacha majani kwenye mfuko uliofungwa hadi jioni. Yaweke kwenye kikapu kilichofunikwa kitambaa chenye unyevu, kivulini, na uyapike mchana huo huo.

Jikoni mboga iliyotoka bustanini inahitaji muda mfupi kuliko wapishi wengi wanavyodhani. Ioshe ikiwa nzima ndipo uikate, kwa sababu ukiosha baada ya kukata unamwaga vitamini pamoja na maji. Mchicha mchanga unaungwa kwa kitunguu na nyanya, unamiminiwa tui zito la nazi, na likishachemka mara moja uepue. Tui au karanga zina kazi zaidi ya ladha: mwili hauwezi kufyonza vizuri kirutubisho kinachotengeneza vitamini A kutoka kwenye majani bila mafuta kidogo. Ndimu inayokamuliwa mezani nayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Mnavu wapo wanaouchemsha na kumwaga maji ili kupunguza uchungu. Mimi napendelea kuuchanganya nusu kwa nusu na mchicha, nisipoteze kitu. Magharibi mwa Kenya wana njia yao nzuri sana, ambapo mnavu na mgagani hupikwa kwa maziwa na kulazwa hadi kesho yake, na uchungu hulainika.

Jambo moja linalowasumbua wengi ni dawa za wadudu. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kati ya kunyunyizia na kuchuma, zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, na siku hizo zinaweza kuwa wiki moja, mbili au zaidi. Sasa, bamia inayochumwa kila baada ya siku moja, au mchicha unaokatwa kila wiki, hauna nafasi ya kusubiri hivyo. Bustani ya kuchuma mfululizo na dawa za namna hiyo haviendani, na hapo sina mjadala. Utitiri mwekundu huupunguza kwa kupiga maji kwa nguvu chini ya majani. Viwavi huwaokota kwa mkono asubuhi. Na maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa huyatumia jioni pale wadudu wanapozidi.

Majani yakizidi mahitaji ya nyumba, yakaushwe. Wenyeji wa Dodoma wamehifadhi mlenda na majani ya kunde kwa njia hii vizazi na vizazi. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, yachuje, kisha yatandaze kivulini penye upepo au kwenye kaushio lililofunikwa, kwa kuwa jua la moja kwa moja huharibu sehemu kubwa ya vitamini A. Yanapovunjika kwa kuyafikicha, yaweke kwenye chombo kikavu, kisichopitisha hewa wala mwanga.

Mchumo wa mwisho wa kiangazi hufanyika kabla ya mvua. Mawingu ya vuli yakianza kujikusanya, chuma nyanya zote zilizokomaa, hata zile za kijani zilizojaa na kuanza kupoteza ukali wa rangi, kwa sababu mmea uliozoea maji ya ndoo ukinyeshewa kwa ghafla huyavuta kwa wingi na matunda hupasuka. Acha mashina machache ya bamia yenye nguvu yakaushe matunda yake kwa ajili ya mbegu. Mabaki yaliyo mazima yaingie kwenye shimo la mboji, na mashina ya nyanya yaliyougua yachomwe mbali na matuta, ili udongo upumzike na kuwa tayari kwa kunde au mchicha wa vuli.